Mlima Nyuma ya Darasa: Jiografia kama Somo la Mtihani Kihurio na Upare Kusini

Jiografia ina historia mbili katika nchi ya Wapare, na historia hizo zimeishi jirani kwa muda mrefu bila kufahamiana vizuri. Ya kwanza ni historia ya maarifa ya nchi yenyewe, yaani ujuzi wa maji, udongo, mvua, njia na mipaka, ambao wakulima wa milimani na wafugaji wa tambarare walirithishana kwa kazi na kwa maneno ya lugha zao, hasa Chasu, ambayo wengi nje ya Upare huiita Kipare. Ya pili ni historia ya somo, yaani mpangilio wa mada unaofundishwa kwa vipindi, unaoandikwa ubaoni kwa Kiingereza, na unaomalizikia katika karatasi inayosahihishwa na mtu asiyemjua mtahiniwa wala kijiji chake. Kihurio, kata iliyo mguuni mwa Milima ya Upare Kusini upande wa mashariki, kando ya barabara inayotoka mji wa Same kupitia Kisiwani, Gonja Maore na Ndungu kabla ya kuendelea kuelekea Bendera na Mkomazi, ni mahali panapofaa kuzitazamia historia hizo mbili kwa pamoja, kwa sababu ukiondoa barafu, bahari na jangwa, ni mada chache za jiografia ya kidato cha kwanza hadi cha nne ambazo hazina mfano wake karibu na hapo.

Milima inayosimama nyuma ya Kihurio ni sehemu ya Tao la Mashariki, safu ya milima ya kale inayoanzia Vilima vya Taita nchini Kenya, ikapita Upare, Usambara, Uluguru na mingine kadhaa, na kuishia Udzungwa. Imejengwa kwa miamba geu, yaani miamba iliyobadilishwa sura na joto na mgandamizo mkubwa ndani ya ardhi, na iliinuliwa baada ya gamba la dunia kupasuka na vipande vyake kupanda au kudidimia. Ndiyo maana mteremko wake upande wa tambarare ni mkali kama ukuta. Kilimanjaro, jirani wa kaskazini anayejulikana zaidi, ni mlima wa volkeno na kwa umri ni mtoto mbele ya Upare. Kilele cha Shengena, kilichomo katika msitu wa Chome, kina urefu wa mita 2,462 kutoka usawa wa bahari, ilhali tambarare ya Mkomazi iko kwenye mita 500 hivi. Kwa kuwa hewa hupoa kwa takriban nyuzi 0.6 za Selsiasi kila mtu apandapo mita 100, tofauti ya joto kati ya mashamba ya mpunga ya chini na kilele hicho hukaribia nyuzi 12, jambo ambalo mkulima wa tangawizi wa Mamba Myamba analithibitisha kila ateremkapo gulioni akiwa na koti begani.

Hata hesabu ya saa, mada inayowatesa watahiniwa wengi, ina mfano wake hapo hapo. Tanzania hutumia saa ya longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari ambao haupiti popote nchini bali uko mbali baharini, wakati Kihurio iko karibu na nyuzi 38. Dunia huzunguka nyuzi moja kwa dakika nne, hivyo tofauti ya nyuzi saba ni dakika 28, na maana yake ni kwamba jua la Kihurio hufika utosini kwa wastani karibu nusu saa baada ya saa ya ukutani kuonyesha saa sita kamili. Wazee waliopima adhuhuri kwa kivuli cha mti walikuwa na saa iliyo sahihi zaidi kwa mahali pao kuliko ile ya redio.

Kati ya maarifa yote ya zamani, yaliyokomaa kuliko mengine yalikuwa ya maji. Ndiva ni bwawa dogo linalojengwa kwa udongo na mawe kwenye mteremko, juu ya mashamba, na hulishwa na mfereji unaochepushwa kutoka kwenye kijito. Mantiki yake ni rahisi kuieleza na ngumu kuitekeleza: kijito cha mlimani mara nyingi ni chembamba mno kuweza kufika hadi shamba la mwisho mchana, kwa sababu maji yake hunywewa na udongo wa mfereji njiani, lakini kikikusanywa usiku kucha hutoa mkupuo mkubwa unaoweza kwenda mbali kwa kasi. Kwa hiyo ndiva huzibwa jioni, hujaa watu wakiwa wamelala, na hufunguliwa asubuhi kwa zamu zilizopangwa. Kazi ya kuzibua mifereji na kutoa tope hufanywa kwa msaragambo, ambao ni utaratibu wa watu wote wanaonufaika kutoka kwa siku moja kufanya kazi ya pamoja, na asiyetoka hutozwa. Ndiva nyingi zilianzishwa na koo, zikabeba majina na miiko ya koo hizo, na mamlaka ya kugawa maji yalikuwa sehemu ya mamlaka ya kutawala. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyezaliwa Upare, aliyechapisha historia ya kisiasa ya Wapare mwaka 1969 na kitabu kingine mwaka 1991 kuhusu namna uchumi wa dunia ulivyoingia katika nchi hiyo, alionyesha kwamba mazingira ya milima na mabonde yake hayawezi kutenganishwa na jinsi tawala ndogo za Upare zilivyoundwa na kugawanyika.

Mtaalamu wa jiografia angeweza kusema kwamba ndiva inajumuisha mada nne za mtihani kwa pamoja: mzunguko wa maji, umwagiliaji, makazi ya watu na mmomonyoko wa udongo. Lakini katika historia iliyofuata ndiva haikuulizwa, na sababu zake zilianza kabla ya shule ya kwanza kujengwa.

Wageni walioandika jiografia ya sehemu hii waliipata kwanza kwa masikio. Katika miaka ya 1850 mmisionari James Erhardt alikaa Tanga akikusanya habari kutoka kwa watu wa misafara waliojua njia za bara, na kutokana na maelezo hayo yeye na Johannes Rebmann walitoa ramani mashuhuri iliyoonyesha ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika ya Mashariki. Ramani hiyo ilichekwa baadaye kwa umbo lake la konokono asiye na gamba, ingawa kosa halikuwa la wasafiri wa Kiswahili na Kinyamwezi, ambao kila mmoja alieleza ziwa lake kwa usahihi, bali la aliyeyaunganisha maziwa matatu kuwa moja. Mwaka 1861 Baron Carl Claus von der Decken alisafiri hadi Kilimanjaro pamoja na Richard Thornton, kijana Mwingereza mtaalamu wa miamba ambaye alikuwa ametengana na msafara wa David Livingstone kule Zambezi, na ambaye alifariki mwaka 1863 akiwa na umri wa miaka 25 tu. Safari yao iligusa Upare, na maporomoko ya Mto Hingilili karibu na Gonja Maore yameingia katika vitabu vya wageni kwa jina la Thornton. Mwaka 1890 Oscar Baumann, Mwaustria, alipita Usambara na Upare akipima na kuchora, na kitabu chake kilitoka mwaka uliofuata.

Jambo la kuangaliwa hapa ni mwelekeo wa macho. Waandishi hao walitazama milima kutoka njiani, yaani kutoka tambarare ambako misafara ilipita kati ya pwani na Taveta, na ambako watawala kama Semboja wa Mazinde walitajirika kwa kuisimamia njia. Maeneo ya mguuni mwa mlima yaliandikwa kama vituo vya maji na chakula; nchi ya juu, yenye ndiva na mashamba, iliandikwa kama mandhari. Mtazamo huo wa mpita njia ndio uliorithiwa na ramani, na ramani ikaurithisha kwa somo.

Shule za kwanza za Upare Kusini zilikuja na misheni. Wajerumani wa Kanisa la Waadventista wa Sabato walianza kazi Mamba Giti mwaka 1903, wakaenea hadi Kihurio, Suji na kwingineko katika miaka iliyofuata, na Walutheri wa Misheni ya Leipzig walikuwa na vituo vyao Gonja, Mbaga na mahali pengine. Wamisionari wawili wa madhehebu hayo tofauti, Ernst Kotz wa Waadventista na Jakob Dannholz wa Mbaga, waliiandika nchi na desturi za Wapare kwa undani kuliko mpimaji yeyote, na Kotz alitoa sarufi ya Chasu mwaka 1909. Ila walichoandika kilikwenda Ujerumani, na kilichobaki darasani kilikuwa kusoma, kuandika, hesabu, dini na nyimbo. Wakati huo huo reli ya Usambara, iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893, ilifika Moshi mwaka 1911 kwa kupita upande wa magharibi wa milima, kupitia Hedaru, Makanya na Same. Uamuzi huo wa wahandisi uliifanya njia ya mashariki, iliyokuwa ya misafara, kuwa njia ya pembeni, na Kihurio ikajikuta nyuma ya mlima kwa wale waliokuwa wakihesabu umbali kwa stesheni. Somo la jiografia huita jambo hili athari ya usafirishaji katika makazi. Kwa wakazi wa bonde la Mkomazi lilikuwa ni kubeba mizigo mbali zaidi.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, utawala wa Waingereza ulikuta Kiswahili kikiwa tayari lugha ya shule na ofisi ndogo, na ukaendelea nacho katika madarasa ya chini. Tume ya Phelps-Stokes, iliyozuru Afrika ya Mashariki mwaka 1924, ilipendekeza elimu inayoambatana na mazingira ya mwanafunzi, na kwa nadharia jiografia ilipaswa kuanzia uani mwa shule, ikaenda kijijini, wilayani, na hatimaye duniani. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na Idara ya Elimu mwaka 1923, lilichapisha makala za nchi mbalimbali kwa Kiswahili, na vitabu vya wakati huo viliandika jina la somo kwa tahajia zaidi ya moja, ikiwemo “jografia”. Hicho ndicho kilikuwa kipindi ambacho somo lilikuwa na lugha ya msomaji wake. Tatizo lilikuwa ngazi. Mwanafunzi aliyepanda kutoka shule ya msingi kwenda ya kati, na kisha sekondari, alibadilisha lugha, akahama nyumbani, na kwa mtoto wa Upare Kusini ilimaanisha kwenda mbali, Old Moshi, Tanga au Tabora, kwa sababu nafasi za sekondari zilikuwa chache mno. Kadiri alivyopanda ndivyo uani mwa shule ulivyosahaulika.

Juu ya ngazi hiyo kulikuwa na Cheti cha Shule cha Cambridge, mtihani uliotungwa na chuo kikuu cha Uingereza kwa ajili ya makoloni, ambao karatasi zake zilisafirishwa kwa meli kwenda kusahihishwa huko huko zilikotoka. Jiografia ya mtihani huo ilikuwa ya mikoa, maana yake ni kwamba dunia iligawanywa katika maeneo na mtahiniwa alitakiwa kueleza tabianchi, mazao, madini na miji ya kila moja. Vitabu vya L. Dudley Stamp, Mwingereza aliyeandika kwa shule za dola nzima, vilifundisha ngano ya nyika za Kanada, kondoo wa Australia na makaa ya mawe ya Uingereza kwa mpangilio ule ule kutoka Afrika hadi Asia. Haikuwa elimu mbaya, na walioipitia walijua dunia kwa upana ambao wengi wa leo hawanao; lakini ilimzoesha mwanafunzi kuamini kwamba jiografia ni habari za mahali pengine, na kwamba mahali pake pataingia kwenye kitabu siku patakapokuwa na kitu cha kuuza nje. Mkonge uliingia kwa tiketi hiyo. Mmea huo, ulioletwa na Dk. Richard Hindorf mwaka 1893 kutoka Florida, ambapo kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa ni 62 tu iliyofika hai, ukawa swali la kudumu katika mitihani ya Tanganyika, na ndiva haikuwa.

Mabadiliko makubwa zaidi, ingawa hayasemwi sana, yalikuja kwa ndege. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza iliunda idara ya upimaji wa makoloni chini ya Martin Hotine, mwanajeshi ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1930 alikuwa amepima sehemu ya Tanganyika ya mnyororo wa vituo vya upimaji unaofuata longitudo ya nyuzi 30. Mwaka 1957 idara hiyo ilibadilishwa jina kuwa Idara ya Upimaji wa Nchi za Ng’ambo. Kazi yake ilikuwa kuchora nchi nzima kwa kutumia picha zilizopigwa kutoka angani, zinazotazamwa mbili mbili ili macho yaone kimo, kisha kuzitoa katika mfululizo wa ramani za skeli ya 1:50,000, ambao kwa Tanzania unajulikana kwa alama Y742. Skeli hiyo ina maana kwamba sentimita mbili kwenye karatasi ni kilomita moja ardhini. Kimo huonyeshwa kwa kontua, mistari inayounganisha sehemu zenye urefu sawa kutoka usawa wa bahari. Inaposongamana mteremko ni mkali, inapoachana nchi ni tambarare. Katika ramani inayoonyesha Upare Kusini mtu huona mara moja kile ambacho maelezo ya kurasa kumi hayakifikishi: bumba la mistari ya kahawia upande mmoja, na upande wa pili weupe wa tambarare unaoelekea Mkomazi, ambayo ilitangazwa kuwa pori la akiba mwaka 1951 na kupandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2008.

Ramani hizo hazikuchorwa kwa ajili ya wanafunzi. Zilikusudiwa barabara, mabwawa, mashamba makubwa na utawala. Hata hivyo zikawa zawadi kwa somo, kwa sababu swali la kusoma ramani ndilo swali lililo la haki kuliko yote katika karatasi ya jiografia. Mtahiniwa hupewa kipande cha nchi ambacho pengine hajawahi kukisikia, na huulizwa kutaja mahali kwa tarakimu sita za gridi, kupima urefu wa barabara kwa uzi au ukingo wa karatasi, kukadiria eneo la bwawa kwa kuhesabu miraba, kuchora mkato wa nchi, na kueleza kwa ushahidi wa alama watu wa hapo wanaishi kwa kazi gani. Madesa, yaani maandishi ya kukariri, hayasaidii hapo. Mtoto wa mjini aliyehudhuria tuisheni tangu darasa la tano na mtoto wa Kihurio aliyetoka kuamia ndege kwenye mpunga huanzia mstari mmoja, na ikiwa kuna aliye mbele, ni yule ambaye miguu yake imekwisha kujua maana ya kontua zilizobanana.

Baada ya Uhuru, mitihani ilibadili wamiliki kwa hatua. Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki lilichukua nafasi ya Cambridge mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa ushirikiano wa Tanzania, Kenya na Uganda. Tanzania ilijitoa mwaka 1971, na Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, likaundwa kwa Sheria Namba 21 ya mwaka 1973. Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere alikuwa ametoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, ulioshutumu elimu inayomtenga kijana na jamii yake, na Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka mtihani mmoja wa mwisho usiwe kipimo pekee cha mwanafunzi. Maswali ya vijiji vya ujamaa, ya reli ya TAZARA na ya kilimo cha umwagiliaji yakaingia. Mwaka 1971 Len Berry na wenzake wa Dar es Salaam walitoa kitabu cha ramani za Tanzania kilichoipa nchi picha yake yenyewe ya mvua, watu, mazao na barabara katika jalada moja linaloweza kuwekwa maktabani.

Umiliki ulibadilika kuliko maudhui. Vitabu vilivyotawala rafu za sekondari kwa miongo iliyofuata vilikuwa cha R. B. Bunnett, chenye michoro ya maumbo ya nchi, na cha Goh Cheng Leong, mwandishi wa Malaysia, ambacho wanafunzi wa Tanzania walikijua kwa jina la mwandishi tu, “Goh”, kana kwamba ni ndugu. Katika mada ya matumizi ya maji walisoma Mamlaka ya Bonde la Tennessee, mradi wa Marekani ulioanzishwa mwaka 1933 kuzuia mafuriko na kuzalisha umeme, pamoja na ardhi ambayo Waholanzi waliichukua kutoka baharini kwa kuta na pampu. Miradi hiyo inastahili kusomwa. Lakini wanafunzi wa bonde la Mkomazi waliokuwa wakiikariri walikuwa wakiishi kati ya bwawa la Kalimawe, lililochimbwa katika miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza na linalosumbuliwa na tope la milimani, na mradi wa umwagiliaji wa Ndungu, uliojengwa kwa msaada wa Japani mwishoni mwa miaka ya 1980 na kugeuza tambarare kavu kuwa mashamba ya mpunga yanayonyweshwa na Mto Yongoma. Hapo palikuwa na kila kitu ambacho mtunga mtihani angehitaji: chanzo cha maji milimani, mgogoro wa wa juu na wa chini, mmomonyoko unaojaza bwawa, fedha za kigeni, soko la mchele, na ndiva za zamani za kulinganisha nazo. Kuijua Tennessee bila kuijua Yongoma ni elimu nusu, na lawama zake haziwezi kuwekwa juu ya mwanafunzi.

Upare haikungoja serikali ili kupata shule. Mkoa wa Kilimanjaro ulikuwa mstari wa mbele katika wimbi la sekondari binafsi, za makanisa, za Jumuiya ya Wazazi na za wananchi wenyewe, lililoumuka katika miaka ya 1980, na wilaya za Wapare zilishiriki kwa kuchangishana fedha za kahawa na nguvu za msaragambo ule ule uliokuwa ukizibua mifereji. Kisha ukaja Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, kuanzia mwaka 2004, ulioeneza shule za kata nchini kote, ambapo mtoto wa tambarare hakulazimika tena kuhama wilaya ili asome kidato cha kwanza. Jiografia ilikuwa miongoni mwa masomo yaliyoweza kufundishwa hata shule isipokuwa na maabara, na kwa sababu hiyo ikapata watahiniwa wengi na sifa mbaya: ikaitwa somo la kukariri. Karatasi yake ya kidato cha nne, yenye namba 013, huwa na sehemu ya maswali mafupi ya kuchagua na kuoanisha, sehemu ya vitendo yenye ramani, takwimu, picha, upimaji na utafiti, na sehemu ya insha. Shule isiyo na ramani hata moja ya 1:50,000 huifundisha sehemu ya vitendo kwa kuchora ramani ya kubuni ubaoni, jambo linalofanana na kufundisha kuogelea kwa chaki. Kwa wanaofaulu, somo hilo hufungua tahasusi, yaani michepuo ya masomo matatu ya kidato cha tano na sita, zikiwemo HGL, HGK, HGE, CBG, EGM na PGM, ambazo herufi G ndani yake ni jiografia, na ambazo hupeleka vijana kwenye sheria, ualimu, uchumi, kilimo na upimaji wa ardhi.

Lugha ndiyo kikwazo kilichobaki wima wakati wote huo. Mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma hujifunza kwa Kiswahili maneno mmomonyoko, uoto, tabianchi na mteremko, ambayo yana mizizi inayoshikika; akiingia sekondari hukutana na mambo yale yale kwa Kiingereza, na mara nyingi hulazimika kukariri fasili kabla ya kuelewa kitu. Somo la miporomoko ya ardhi, yaani kusogea kwa udongo na miamba kwenye mteremko kwa nguvu ya uvutano, hufundishwa kidato cha tatu kwa orodha ya aina na visababishi. Novemba 2009, baada ya mvua kubwa, maporomoko ya udongo yalifukia nyumba na kuua watu Mamba Myamba, juu ya milima hiyo hiyo. Kila kisababishi kilichomo katika orodha ya kitabu kilikuwapo mlimani, kuanzia mteremko mkali hadi udongo ulioshiba maji, na wengi wa waliokuwa wakitazama walikuwa wamekwisha kuviandika katika madaftari yao kwa lugha ambayo hawakuitumia kuonyana.

Mtaala mpya, ulioanza kutekelezwa Januari 2024, umeliita somo la shule ya msingi Jiografia na Mazingira, na umesisitiza umahiri, maana yake uwezo wa kutenda kuliko kukumbuka. Jina hilo ni zuri kuliko mengi yaliyotangulia. Kama litabaki jina tu au litakuwa kazi, kutategemea walimu wanaoamua kipindi cha Jumanne kifanyikie wapi, na watunga mitihani wanaoamua bonde lipi linastahili kuulizwa. Walimu wa Same hawana haja ya kusubiri kibali cha mbali. Kipimamvua kinaweza kutengenezwa kwa chupa na rula, dira ipo katika simu nyingi, kamba ya mita 20 inatosha kupima mfereji, na ramani ya 1:50,000 ni karatasi moja inayoweza kutumiwa na darasa kwa miaka mingi ikibandikwa juu ya ubao mgumu. Safari yenyewe ianze mapema, kwa kuwa ndiva hufunguliwa asubuhi, kabla ya kengele ya kipindi cha kwanza.